Laphroaig ya miaka 10: namna ya kuuzoea moshi

Chupa hii ya kijani ukiifungua tu, hata kabla hujamimina, chumba kizima kinajua. Harufu inayotangulia si ya tunda wala asali. Ni Dettol, bandeji mpya, kamba ya jahazi iliyopakwa lami, na moto wa kuni uliozimwa kwa maji ya bahari. Mtu aliyezoea Red Label na soda hunusa mara moja, huirudisha glasi mezani na kuuliza kama kinywaji kimeharibika. Hakijaharibika. Laphroaig, wiski ambayo jina lake hutamkwa Lafroig, ndivyo inavyotakiwa kuwa, na kiwanda chake kimesimama ukingoni mwa bahari kusini mwa kisiwa cha Islay huko Uskoti tangu 1815.

Hukumu naiweka mapema. Kwa anayetaka kuujua moshi kwenye wiski, sijui mwalimu mzuri kuliko huyu. Ila isiwe chupa yako ya kwanza, na ukiinywa kama wengi wetu tunavyokunywa wiski, yaani na barafu tele na Coke, utakuwa umetupa fedha.

Tuanze na moshi wenyewe, maana anayejua unatoka wapi huacha kuuogopa. Kwenye vinamasi vya Uskoti mimea hufa bila kuoza sawasawa kwa sababu maji huzuia hewa. Miaka elfu na elfu hujazana tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa mboji nyeusi. Hukatwa vipande mfano wa matofali, huanikwa, kisha huchomwa. Wasomaji wa Burundi na Rwanda hawahitaji kuelezwa sana, kwani kwao pia mboji ya mabondeni huchimbwa na kutumika kama kuni. Islay ni kisiwa cha upepo chenye miti michache, kwa hiyo kwa karne nyingi mboji ndiyo iliyokuwa nishati ya karibu.

Shayiri ikilowekwa na kuanza kuota huwa kimea, na kimea lazima kikaushwe kabla hakijamaliza wanga wake. Viwanda vingi hukikausha kwa hewa ya moto isiyo na moshi. Laphroaig huanza na moshi wa mboji wakati kimea kingali kibichi, kwa sababu ganda lenye unyevu hushika moshi na likishakauka haliupokei tena. Moto hauachwi uwake kwa ndimi. Kinachotakiwa ni moshi mwingi na joto kidogo. Moshi ukishaingia ndipo hewa ya moto hufunguliwa kumalizia kazi. Sehemu ndogo ya kimea, chini ya robo, bado hutandazwa na kugeuzwa kwa mikono kwenye sakafu za kiwanda chenyewe. Kilichobaki, kwa miaka mingi, kimetoka hasa Port Ellen, kwenye kiwanda kikubwa cha kimea kilichopo kisiwani humohumo.

Kinachobaki kwenye ganda ni kemikali za jamii ya fenoli. Mbili zinafaa kujulikana kwa majina: gwayakoli, inayotoa harufu ya kuni na nyama ya kubanikwa, na kresoli, inayotoa harufu ya hospitali. Ile Dettol unayoinusa si ndoto. Dawa kuu ndani ya Dettol ni ya ukoo wa fenoli, na fenoli yenyewe ndiyo asidi ya kaboliki ambayo daktari Joseph Lister alianza kuitumia kusafisha vidonda mjini Glasgow mwaka 1865. Pua yako imefundishwa tangu utoto kwamba harufu hiyo ni ya jeraha na sindano. Ndiyo maana inakataa, na ndiyo maana inahitaji kufundishwa upya polepole.

Sasa chukua karafuu moja ya Pemba, ipondeponde kwa kucha, inuse. Halafu nusa glasi. Kinachoipa karafuu harufu yake kinaitwa eujenoli, nacho kwa umbo ni gwayakoli iliyoongezewa mkia. Vanilini, harufu ya vanila, nayo imejengwa juu ya gwayakoli. Karafuu, vanila na moshi ni ndugu wa damu. Zoezi hili la dakika moja hufanya kazi kubwa kuliko maelezo yote, kwa sababu pua ikishaikuta karafuu ndani ya Laphroaig haiwezi tena kusema humo mna dawa ya vidonda peke yake.

Utasikia watu wakitaja namba: fenoli sehemu kadhaa kwa milioni. Kwa wiski za Islay, kimea cha Bowmore ni kama 25, Lagavulin na Caol Ila kama 35, Laphroaig 40 hadi 45, Ardbeg kama 55. Octomore, wiski ya kiwanda cha Bruichladdich, iliwahi kufika 309. Usinunue kwa namba hizi. Zinapimwa kwenye kimea, si kwenye chupa, na fenoli nyingi hupotea njiani wakati wa kuchemsha, kukeneka (kugeuza mvuke wa kilevi kuwa kimiminika) na kukaa kwenye pipa. Ushahidi ni Lagavulin na Caol Ila. Kwa miaka mingi zote mbili zimetumia kimea cha Port Ellen chenye moshi wa kiwango kilekile, lakini Lagavulin ni nzito na tamu kama tunda kavu, na Caol Ila ni nyepesi, safi, yenye limau. Tofauti inatoka kwenye mitambo ya shaba na kwenye mkono wa anayekeneka.

Kwa Laphroaig siri iko kwenye saa. Mvuke unapogeuka kimiminika, kinachotangulia hakihifadhiwi; hurudishwa kukenekwa upya, na mkenekaji ndiye anayeamua lini aanze kukusanya. Laphroaig husubiri dakika 45 hivi, muda mrefu kuliko wengi. Harufu tamu za matunda hutoka mapema, fenoli hutoka baadaye. Kwa kusubiri hivyo wanaacha sehemu ya matunda ipite na kukusanya zaidi upande wa lami na iodini. Wameuchagua ukali huo kwa makusudi, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Baada ya hapo miaka 10 kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani, na hapo ndipo vanila na utamu huingia. Chupa za Ulaya huwa na asilimia 40 ya kilevi, za Marekani 43. Soma lebo, maana asilimia hizo tatu zinasikika mdomoni. Rangi imeongezewa karameli, jambo linaloruhusiwa na sheria za wiski ya Uskoti, kwa hiyo usihukumu chochote kwa rangi.

Kuhusu kuionja. Glasi ifaayo ni yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Kama huna ile maalumu, glasi ndogo ya divai inatosha kabisa. Ile ya mdomo mpana inayopendwa na baa hupoteza harufu na kukuachia mvuke wa kilevi. Ioshe kwa maji ya moto pekee, kwa sababu sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau hubaki kwenye kioo na kugombana na moshi. Mimina mililita 30, yaani toti moja. Usizamishe pua ndani. Ishike glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, uvute hewa polepole, kisha ipandishe. Mara ya kwanza pua hushtuka. Ya pili hutambua moshi. Kuanzia ya tatu ndipo vitu vingine vinaanza kujitokeza: vanila, ganda la limau, chumvi, majani ya pwani.

Maji ndiyo ufunguo, na hapa ndipo wanaojigamba kwamba wiski hainyweki na maji wanapowapoteza wanagenzi. Kilevi kikali huwasha ulimi na kuuziba usisikie utamu, na bila utamu moshi hubaki peke yake kama jivu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikizimuliwa, gwayakoli husogea juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa. Kwa hiyo maji hayaui harufu, huileta puani.

Vipimo ni rahisi. Kwenye mililita 30 za asilimia 40, vijiko viwili vya chai vya maji, yaani mililita 10, vitakushusha hadi asilimia 30. Huo ndio mwanzo mzuri kwa asiyezoea. Ukiongeza maji sawa na wiski, 30 kwa 30, utafika asilimia 20, kiwango ambacho wachanganyaji wa wiski viwandani hukitumia kunusa sampuli zao siku nzima. Kwa Ardbeg ya asilimia 46 utahitaji vijiko vitatu kufika 30. Tia kijiko kimoja, tikisa, subiri dakika mbili, onja, kisha tia kingine. Ukiyatia yote mara moja hutajua palipokufaa. Maji yawe ya chupa yasiyo na chumvichumvi. Maji ya visima vya pwani, pamoja na ya bomba yanayonukia klorini, yataharibu kila kitu. Klorini na fenoli pamoja huleta harufu ya plastiki.

Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni muda wa kuhesabu hadi kumi kabla ya kumeza. Kwa Laphroaig utamu hufika kwanza na ni mfupi, kama vanila na sukari ya kuungua. Nyuma yake chumvi, halafu wimbi la moshi linalopanda kutoka kooni hadi puani. Jivu hubaki dakika nyingi. Ukigugumia kama toti ya mashindano, unaruka utamu wote na kuangukia kwenye jivu moja kwa moja.

Sasa ngazi ya kupandia. Kuna njia ya gharama ndogo ambayo naipendekeza kuliko kununua chupa tano. Nunua Johnnie Walker Black Label, ambayo haikosekani baa yoyote ya maana kuanzia Kampala hadi Mombasa, na chupa moja ya Laphroaig. Black Label ina moshi wake tayari, kwani Caol Ila ni mojawapo ya wiski zilizomo, ila wengi hawajawahi kuutambua. Utambue kwanza: weka mililita 20 za Black Label kando ya mililita 20 za Glenfiddich 12, ambayo haina moshi, kila moja na kijiko kimoja cha maji. Onja Glenfiddich, kisha Black Label, rudia. Kile kinachobaki kooni kwa Black Label na hakipo kwa mwenzake, ndicho hicho.

Wiki inayofuata, kwenye mililita 30 za Black Label tia nusu kijiko cha chai cha Laphroaig, mililita mbili na nusu. Itashangaza jinsi tone dogo hivyo linavyotawala glasi. Halafu panda hadi kijiko kizima, kisha viwili, kisha nusu kwa nusu. Usipande mpaka kiwango ulichopo kikupe raha. Kama bado unakunja uso, kaa hapo. Mara mbili kwa wiki, glasi moja kila mara. Zaidi ya hapo hujifunzi kitu, kwa sababu pua huizoea fenoli haraka na kuacha kuisikia, na glasi ya tatu ya usiku mmoja inanyweka kama maji yenye moto. Watu hudhani wamezoea kumbe pua imelala.

Mwenye uwezo wa kununua ngazi za chupa, naye apite hivi. Bowmore 12, asilimia 40, ina moshi wa wastani na maua, lakini kwangu ni laini mno na hufika mwisho mapema. Talisker 10 kutoka kisiwa cha Skye, asilimia 45.8, ndiyo ngazi bora ya kati: chumvi, pilipili manga inayochoma kwa utaratibu, moshi ukiwa nyuma. Caol Ila 12, asilimia 43, ndiyo hatua ya mwisho kabla ya Laphroaig, kwa kuwa moshi umeshakuwa mbele lakini hospitali haipo. Lagavulin 16 wengi huipenda haraka kuliko Laphroaig. Sababu mojawapo ni umri: fenoli hupungua pipani kadiri miaka inavyokwenda, na mwaloni huzidi kuchangia utamu. Ni nzuri sana, ila bei yake ni ya sherehe. Ardbeg 10, licha ya namba yake kubwa, ina limau na utamu wa kutosha kuubeba moshi. Hapa pia mtambo una mkono, kwa kuwa una kifaa kinachorudisha mvuke mzito ukenekwe tena. Ukiona Ardbeg imetia ukungu baada ya kuongeza maji, usishtuke. Haijachujwa kwa baridi, na mafuta yake ya asili ndiyo yanayoonekana.

Ndani ya ukoo wa Laphroaig yenyewe kuna Quarter Cask, asilimia 48, iliyomaliziwa kwenye mapipa madogo. Pipa dogo lina mbao nyingi zaidi kwa kila lita, basi utamu wa vanila na nazi huongezeka. Ukitia vijiko vitatu vya maji, ni rahisi kuipenda kuliko ile ya miaka 10. Kama tofauti ya bei si kubwa dukani, chukua hii.

Barafu nayo ina neno. Baridi hulaza utamu na kuuacha uchungu na jivu. Glasi iliyojaa barafu ndiyo namna ya hakika ya kuichukia Laphroaig. Lakini chumba cha Dar mwezi wa Februari kina joto la kufanya kilevi kiruke puani kabla ya kitu kingine. Dawa yake ni kuiweka glasi tupu kwenye friji dakika kumi, au kutumia maji yaliyopoa kwenye vile vijiko viwili. Basi. Coke haifai kabisa: sukari yake huzima utamu mdogo wa wiski na kinachobaki kina ladha ya lami iliyomwagiwa sharubati. Soda ya maji, isiyo na sukari, sehemu tatu kwa moja ya wiski, hufaa mchana wa jua.

Na chakula? Anayejua samaki wa moshi kutoka Ziwa Viktoria ana nusu ya somo tayari, na anayejua mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la mti, amekaribia kufuzu. Sangara wa moshi aliyekamuliwa limau ni mwenza wa kweli. Nyama choma na chumvi tupu, ndiyo; pilipili kali, hapana, kwa maana kilevi huuzidisha moto wake na hutasikia kitu. Korosho za kuoka na chaza wabichi hupatana nayo. Halua ya Zanzibar ni jaribio ambalo kila mtu afanye: kipande kidogo mdomoni, funda juu yake, hiliki na moshi vikutane.

Kwa anayeshindwa kabisa kuinywa peke yake, upo mchanganyiko uitwao Penicillin, uliobuniwa New York mwaka 2005. Chukua mililita 60 za wiski ya kawaida kama Black Label, 20 za maji ya limau, 20 za asali iliyozimuliwa kwa maji ya moto na kukolezwa tangawizi iliyotwangwa na kukamuliwa. Tikisa na barafu, chuja, mimina kwenye barafu mpya. Kisha tia juu, taratibu kwa mgongo wa kijiko, kijiko kimoja na nusu cha Laphroaig, na usikoroge. Pua inapata moshi, ulimi unapata asali na tangawizi. Anayekipenda kile kinywaji cha baa za Nairobi kiitwacho dawa, cha vodka, asali na limau, atajikuta nyumbani. Kosa la kawaida ni kutumia tangawizi ya unga, ambayo huacha mchanga kinywani na ladha ya chai.

Kabla ya kulipa, kagua stempu ya ushuru: Kenya kwa programu ya Soma Label, Tanzania kwa Hakiki Stempu. Tazama pia kama kizibo kimewahi kufunguliwa. Nyumbani isimamishe wima, usiilaze kama divai, maana kilevi hula kizibo na kukiacha kikivunjikia ndani. Iweke kabatini mbali na jua na jiko. Ikishabaki theluthi moja, hewa iliyo ndani huanza kuupunguza moshi. Baada ya miezi kadhaa utaona imepwaya. Hapo ihamishie kwenye chupa ndogo safi na uijaze hadi shingoni.

Jioni ya kwanza utakapoinywa bila Black Label ndani yake, usiioshe glasi. Iache mezani usiku kucha, uinuse asubuhi kabla ya chai. Kilevi kitakuwa kimekwenda na hospitali itakuwa imepungua. Utakuta jivu la baridi, ngozi, vanila na mbao kavu. Ukiisogeza glasi hiyo puani mara ya pili bila kuambiwa na mtu, nunua chupa nyingine.